Shimoni si studio ya picha, Bwana Mhariri

Bwana Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu nina nywele zote kichwani na sijawahi kuwaandikia hata siku moja, hata ule mwaka mlipochapisha tangazo la matanga katikati ya ukurasa wa michezo nilinyamaza. Lakini ile makala ya utalii ya Jumapili mbili nyuma, ile ya mapango na mikoko ya Shimoni na Wasini huku pwani ya Kwale, imenishinda. Nimeikunja nikaitia kwenye droo, nikaitoa, nikaitia tena, mpaka mke wangu akaniambia ama uandike ama uitupe, unatuchosha. Basi naandika.

Nianze na picha. Ile picha mliyoweka pale juu si ya kwetu. Ina majabali marefu kama magorofa yamesimama katikati ya maji ya kijani, na mashua zimefungwa maua kwenye omo. Hapo ni huko Asia na mnajua. Kwale nzima kuanzia Likoni mpaka Vanga hakuna jabali kama lile, kwetu jiwe ni tumbawe, limelala chini kimya, na pango liko chini ya miguu yako ndio maana mji ukaitwa Shimoni. Sasa mtu akija na gazeti lenu mkononi kutafuta yale majabali asiyaone, tapeli ni nani, si atasema ni sisi?

Halafu mwandishi wenu amechanganya kila kitu kwenye sufuria moja akakoroga, eti "hifadhi ya taifa yenye mapango na mikoko." Hifadhi ni ya bahari. Kisite ndiyo hifadhi ya taifa, kama kilomita 28 za mraba, na Mpunguti imepakana nayo, hiyo ni akiba, ndogo zaidi, wavuvi wanaruhusiwa kwa masharti. Pango liko bara, Shimoni, linaangaliwa na wanakijiji wenyewe na pesa yake inarudi kijijini. Ile njia ya mbao ya kutembelea juu ya mikoko iko kisiwani Wasini na ni ya akina mama wa Wasini. Kwa hivyo ukilipa ya hifadhi hujalipa pango, na ukilipa pango hujalipa mikoko. Msione nafanya ukarani, hapa ndipo watu wanapoibiwa, mimi nikiwa mmoja wao na nimezaliwa pwani.

Mwaka jana Agosti shemeji yangu alishuka kutoka Nakuru na mwanawe wa miaka tisa, nikasema hawa nisiwapeleke kukaa mchangani tu, niwaonyeshe kitu. Nikapata ajenti mmoja pale Diani, simtaji, ana kofia na ana maneno. Pakeji ya siku nzima, kila kitu ndani, pomboo, matumbawe, chakula, mikoko, pango. Nikamuuliza maji je, akacheka, mzee, maji yapo kila siku. Hapo ningepaswa kujua. Siku yenyewe mwezi ulikuwa mpevu, maji ya bamvua, yale yanayojaa sana na kupwa sana, na kwa upande wetu bamvua ikiwa imekolea, saa nne saa tano za asubuhi bahari imekupwa imekwenda zake mbali, kila mtoto wa Wasini anajua hilo kabla hajajua kuhesabu. Siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, ungeweza kubahatisha lakini si siku hiyo. Mwandishi wenu naye kaandika "nenda siku yoyote, saa yoyote," kama vile bahari ni duka la masaa ishirini na nne.

Saa tano boti ikagota. Tukashuka tukatembea kwenye tope na matumbawe, shemeji kiatu kimoja mkononi kimoja kimebaki nyuma, ananiuliza, bahari yenyewe iko wapi? Tulipofika kwenye njia ya mbao yule dada wa mlangoni akasema kwa adabu kabisa kwamba hatujalipiwa. Nikampigia ajenti, simu inaita tu. Nikalipa mwenyewe, na sijutii shilingi hata moja, manake lile tope lilikuwa limejaa vile vikaa vidogo vyenye gando moja kubwa kuliko mwili, vinapunga kama makondakta wa matatu wanaita abiria, na yule dada alimkalisha mtoto chini akamuonyesha mchu unavyotoa vijiti vya kupumulia juu ya tope na mkoko unavyosimama kwa miguu yake mingi kama umepandisha suruali usilowe. Dakika kumi. Halafu yule gaidi wetu wa boti, yaani mwongoza watalii, akaanza kupiga mbinja, twende twende twende, chakula kinapoa.

Sasa pango. Hapa ndipo nilipokasirika na bado nimekasirika. Mtu wa kijiji alikuwepo pale tayari kutueleza, lakini yule tuliyekuja naye akamwambia usijali, hawa ni wangu, akatushusha ngazi yeye mwenyewe. Ndani mnajua kulivyo, au hamjui kwa vile mwandishi wenu sidhani kama alishuka, kuna ubaridi, kuna harufu ya popo, matone yanadondoka moja moja, na mwanga unaingia kwa juu kwenye tundu zenye mizizi. Na kuna vyuma ukutani. Wazee wanasema zamani kabisa watu walijificha humo wakati wa uvamizi na pakawa mahali pa kuomba, kisha biashara ya watumwa ikaja pakageuzwa pa kuwafungia watu wakisubiri majahazi ya kwenda Unguja. Huyu bwana anamwambia mtoto hayo yalikuwa miaka elfu moja iliyopita. Miaka elfu! Sultani Barghash alitia saini kufunga masoko ya watumwa 1873, na utumwa wenyewe Kenya umefutwa kisheria 1907, elfu moja mia tisa na saba Mhariri, bibi yake mama yangu alikuwa ameshazaliwa. Kabla sijafungua mdomo, jamaa mmoja wa kundi letu, kaptula, miwani ya jua ndani ya pango, akasogea ukutani akaweka mikono yote miwili kwenye chuma akalegeza shingo akatoa ulimi, nipige nipige, na yule gaidi akachukua simu akapiga, akamwambia tena, piga magoti itatoka vizuri. Watu wakacheka. Mtoto wa shemeji akaniangalia mimi, hakucheka, akaniuliza kwa sauti ndogo, anko, wale waliofungwa hapa walikuwa na watoto? Mimi nina miaka sitini na moja na nilikosa jibu. Nikapanda juu nikakaa kwenye kivuli mpaka walipomaliza, na huyo jamaa mwenye kaptula alipotoka alikuwa anachagua ile picha ya kuposti.

Nilidhani gazeti lingesema kitu juu ya mambo kama haya. Nyinyi mmeandika "mahali pazuri pa kupiga selfi." Yapo maneno hayo, ukurasa wenu wa utalii, aya ya nne.

Na tukiwa bado kwenye mikoko, kuna hili la kupanda. Kila mwaka inakuja mabasi na fulana mpya za rangi moja, wageni wa heshima wanavua viatu, kila mmoja anapewa ile mbegu ndefu ya mkoko inayofanana na biro, anaichomeka popote alipo karibu na mpiga picha, makofi, maji ya chupa, basi linaondoka. Zinachomekwa mahali ambapo maji yanakaa muda mrefu mno, au pale ambapo hapakuwahi kuota mkoko tangu dunia iumbwe, na baada ya miezi michache ukienda unakuta vijiti. Pale Gazi, hapo hapo Kwale, watu wamekuwa na Mikoko Pamoja tangu 2013, wanalinda msitu wa hekta 117 hivi uliosimama, wanauza hewa ya kaboni, yaani wanalipwa kwa ile hewa chafu msitu unayoishika, na pesa inakwenda kwenye maji na shule. Kazi kubwa pale ni kuulinda ule uliopo, na ukipandwa mwingine anapanda mtu anayejua maji yanafika wapi. Lakini kulinda hakupigwi picha, si ndiyo. Babu yangu mimi alikata mikoko ya kuuza, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila unene na jina lake, na yeye aliujua msitu kuliko hawa wa fulana. Na zile chupa za maji, plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi na fukwe tangu Juni 2020, kwenye boti yetu tulipewa katoni nzima, nilipouliza nikaambiwa, mzee, kunywa maji.

Sasa mtasema mzee amelalamika tu hana pendekezo. Ninalo. Pale juu ya ngazi ya pango wekeni kikapu cha ukili, kikubwa, chenye mfuniko na kufuli, ufunguo akae nao bibi mmoja wa kijiji ambaye hana haraka na hapendi kuchekewa. Kila simu inaingia kikapuni, ya mgeni, ya gaidi, ya mheshimiwa, hata ya mwandishi wa gazeti. Mkishuka mnakaa chini kwenye baridi, hakuna kuongea, mnahesabu mpaka mia tatu. Atakayefika mia tatu ndiye apewe simu yake, anayekohoa makusudi aanze upya. Na kila ajenti wa Diani apewe kalenda ya mwezi na maji, aibandike kwenye kofia ikibidi, siku ya bamvua asitoke kabla hajajibu swali moja tu: saa tano maji yatakuwa wapi?

Mtoto wa shemeji amerudi Nakuru, ameandika insha shuleni, mwalimu amempa kumi na saba kwa ishirini. Hakuandika pomboo. Ameandika wale vikaa na lile swali lake, na mimi bado ananidai jibu.

Na ile picha ya majabali iondoeni. Kama hamna ya kwetu mniambie, nitapanda matatu mpaka Kanana, nichukue bodaboda mpaka Shimoni, nipige ya mlango wa pango kwa nje, bure.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Ukunda