Barua ya wazi kwa shemeji: Benki Kuu si mashine ya noti

Shemeji, salaam.

Siku ile ya posa ya mdogo wako ulitamka, huku unamenya chungwa, kwamba Benki Kuu popote duniani ina kazi mbili tu: kuchapa noti na kupandisha riba. Nilinyamaza kwa heshima ya wazee. Leo sinyamazi.

Twende Japani baada ya vita. Miji imeungua, akiba za watu zimeliwa na mfumuko wa bei. Mabenki makubwa yalikopesha kupita amana zake, na pengo likazibwa kwa mikopo ya Benki Kuu. Na wewe unajua, anayekuazima unga kila siku hakosi kuuliza unampikia nani.

Ndipo yakaja madoguchi shido, yaani maelekezo ya dirishani, lile dirisha la Benki Kuu ambako mabenki yalikwenda kukopa. Kila robo mwaka benki inaambiwa: mikopo yako iongezeke mpaka hapa, usivuke. Sheria ya kulazimisha haikuwepo. Ila ukikaidi, siku ya kurudi dirishani na bakuli lako utajua hujui.

Gavana Hisato Ichimada, aliyekalia kiti kile kuanzia 1946 hadi 1954, alibandikwa jina la "Papa", yule wa Roma. Ndivyo alivyoogopwa.

Sasa sikiliza hii, maana ndiyo ninayoipenda. Mwaka 1950 Yataro Nishiyama, mkuu wa kampuni ya chuma ya Kawasaki Steel, alitaka kujenga kiwanda kipya cha chuma Chiba, kando ya Ghuba ya Tokyo. Mtaji wa kampuni ulikuwa kama yen milioni 500. Mradi ulitaka yen bilioni 16.3! Inasimuliwa kuwa Ichimada alitishia kupaotesha magugu pale, yaani pabaki gofu. Mwenyewe alikana kusema hivyo, lakini kwamba aliupinga mradi, hilo halina ubishi. Nishiyama hakurudi nyuma. Tanuru la kwanza likawashwa 1953, na miaka mitatu baadaye Benki ya Dunia nayo ikaukopesha mradi.

Kwa hiyo sisemi Papa hakukosea. Alikosea, tena kwenye chuma, kitu chenyewe walichokihitaji. Ninachobisha ni hicho cha kwako cha noti na riba: yule bwana alikuwa anabishana kiwanda gani kijengwe na wapi.

Dirisha lilifungwa 1991, baada ya mabenki yale yale kumwaga mikopo kwenye viwanja vya Tokyo mpaka bei zikaporomoka, na maelekezo yakiwa bado yapo. Hapo utanibana, najua. Njoo Jumapili, na machungwa yako.