Barua ya wazi: Mke Mdogo wa kwenye tamthilia asiitwe tena wa Tanga

Kwako Mheshimiwa unayesimamia filamu na tamthilia,

Salaam, na pole kwa majukumu. Barua yangu ya kwanza niliileta ofisini kwako kwa mkono. Ilipokelewa, ikagongwa muhuri, na tangu hapo kimya. Ningeendelea kungoja, lakini juzi mshenga amerudi nyumbani kwangu Makorora na habari isiyomezeka.

Binti yangu ameposwa na kijana wa bara. Posa tuliijibu, mahari tukapatana, ikabaki kutaja siku. Sasa upande wa kijana wanaomba tusubiri kwanza. Mshenga alizungukazunguka, nikamwambia sema tu, baba. Akasema shangazi za kijana wanaifuata ile tamthilia ya usiku, na tangu Mke Mdogo alipomtia mumewe kwenye chupa, wamekataa katakata mwanamke wa Tanga asiingie kwenye ukoo wao.

Mheshimiwa, huyo Mke Mdogo unamjua. Ndiye aliyeghushi wosia wa mzee, akamtilia mke mkubwa sumu kwenye uji, akamhonga msichana wa kazi aseme uongo polisi. Simtetei. Tamthilia bila mtu mbaya haiendi, nani angekaa kuisubiri kesho? Na dada anayemwigiza simlaumu hata kidogo, anaigiza vizuri mno, mpaka watu wanamtukana usoni pa runinga. Ninalolikataa ni kwamba kila akitenda ovu lazima tukumbushwe kwao ni wapi. Akighushi, anajisifu kuwa ni mtoto wa Tanga. Akienda kwa mganga, gari analopanda limeandikwa Tanga. Mke mkubwa, yule mwema, hana kwao. Hajatajiwa hata mkoa.

Kilichonichoma zaidi ni udi. Mke Mdogo anafukiza chumba, muziki wa kutisha unapigwa, picha inasogezwa mpaka kwenye chetezo, mume anaanza kuweweseka. Udi huohuo sisi tunafukizia nguo za bwana harusi. Tunafukiza nyumba mgeni akija, tunafukiza kwenye maulidi. Mama yangu alinifundisha kuupika kwa sukari na marashi, nami nimemfundisha binti yangu. Sasa ananiuliza kama akiolewa huko aache kufukiza. Nimjibu nini, mheshimiwa? Aende kwa mumewe akiwa anaogopa harufu ya nyumbani kwao?

Wanaoandika hadithi hizi nadhani hawajalala Tanga hata usiku mmoja. Nahisi kisa kikiwakwamia hukimbilia Tanga kwa sababu ni rahisi, mtazamaji ameshazoea kusikia Tanga ni uchawi na mahaba, hana haja ya kuelezwa. Lakini tunaziona za Kituruki na za Kifilipino zilizotiwa Kiswahili. Wabaya wa humo wanaiba urithi, wanabadilisha watoto hospitalini, wanavunja ndoa za watu, nasi hutulia kuangalia mpaka mwisho bila kujua mbaya kazaliwa mji gani. Inawezekana, basi.

Na hiyo lafudhi wanayomwekea Mke Mdogo ili aonekane mjanja ndiyo ya watu waliomlea Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, hapahapa jirani, mwaka 1909. Miaka ya 1970 watu waliimba taarabu za Black Star na Lucky Star, vikundi vya mji huu. Mtoto anayekua leo mbali na pwani, Tanga ataijulia wapi kama si kwa Mke Mdogo?

Ulipokuja kuzungumza na wasanii wa huku nilikuwepo, nimekaa nyuma na akina mama wa kikundi chetu. Ulituahidi kwamba mswada wa kila tamthilia utasomwa kabla ya kibali, na kwamba hakuna kabila wala mkoa utakaodhalilishwa. Nilikupigia vigelegele, mheshimiwa. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ipo tangu 1976, si jambo la kubuni jana. Mswada huu aliusoma nani? Kijana wako aliyepokea simu aliniambia hiyo ni sanaa tu. Mwanangu amekaa ndani, hali vizuri, na shangazi za watu wameshaamua yeye ni mwanamke wa namna gani kabla hawajamwona. Nimwambie na yeye kwamba ni sanaa tu?

Sikuombi uifunge tamthilia, kuna watu wanapata riziki humo. Nilitaka waombe radhi, na bado nadhani wanapaswa. Nilitaka pia watuonyeshe mwanamke mmoja wa Tanga aliye mwema, mwalimu, muuguzi, yeyote. Kama hayo ni mazito, yaache. Toa agizo moja: sehemu zinazokuja Mke Mdogo asitajwe kuwa wa Tanga. Aghushi, aseme uongo, afungwe au asifungwe, watakavyo wao. Tanga itoke mdomoni mwake. Hilo tu, mheshimiwa. Tanga itoke.

Nijibu kwa maandishi yenye muhuri, ili mshenga akirudi bara awe na karatasi ya kuwaonyesha shangazi za kijana.

Wako,
Mama wa binti,
Makorora, Tanga