Asante ya Mapema

Buenos Aires, 9 Septemba

Sahibu yangu,

Salamu nyingi, na uniwie radhi kwa kimya cha miezi minne. Mimi ni mzima. Ila umwombe Mama aache kuwatangazia majirani kwamba nimekuja huku kulima matango, maana shemeji amesadiki na ameniandikia akiulizia mbegu.

Uliandika kwamba uzuri wa tango, hii dansi iliyonileta huku, ni kipendacho roho, na kwamba majaji wa mashindano hugawa alama kwa mapenzi yao. Ningekubali, lau si yaliyonifika Jumamosi. Nilicheza na bibi mmoja wa makamo muziki wa okestra ya Di Sarli, unaotembea taratibu na kumnyima mchezaji pa kujificha. Waliokaa mezani walitutazama kwa kuridhika, nami nikavimba kichwa. Wimbo wa pili ulipokwisha, bibi akasema "gracias". Ni asante, naam, lakini huku nyimbo hupigwa kwa mafungu ya tatu au nne, na asante ikitolewa kabla fungu halijaisha, ujue umeachwa.

Sasa nani alisema kweli, waliotazama au aliyekuwa kifuani pangu?

Mwezi uliopita nilihudhuria mchujo wa mashindano ya dunia, yanayofanyika hapa tangu 2003, na nakiri kwamba yapo yanayopimika. Katika tango ya ukumbini, wawili wakishakumbatiana hawaruhusiwi kuachana hadi muziki unyamaze, na wote huzunguka kinyume cha saa; anayepotea mdundo au kuwapamia wenzake huonekana hata na mtoto. Mapenzi huingia baadaye, pale mmoja anapotaka muziki wa D'Arienzo wenye haraka na mwingine wa Pugliese, au mmoja anapopenda kubanwa na mwingine kupewa nafasi. Lakini mkono wangu wa kulia, ambao nadhani niliukaza mgongoni mwa yule bibi kama mtu anayezuia mlango usipeperushwe na upepo, tuuweke upande gani, wa vipimo au wa mapenzi? Hakuna jaji ambaye angeuona, na bibi aliubeba nyimbo mbili nzima. Hapa yupo mzee mwenye kitambi, asiye na doido hata moja, na wanawake humwinda kwa macho ukumbi mzima wapate kucheza naye. Nilimdharau mwaka mzima.

Je, bado wasema ni ladha ya bibi tu? Ungekuwa wewe, ungethubutu kumkonyeza tena acheze nawe Jumamosi ijayo? Na Mwalimu, angali akipima hatua za vijana kwa ile rula yake? Hebu muulize: aliwahi kuupima mkono?

Wako,
mkulima wa matango