Kadi za milango zipimwe kabla ya kununuliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie kadi za kugusa zinazofungua milango ya ofisi na hosteli nyingi hapa Dodoma. Mimi ni fundi wa mifumo hiyo. Hivi karibuni, katika kikao cha kuchagua kadi za jengo moja jipya, muuzaji alituhakikishia kwamba kadi yake hainakiliki kwa kuwa ufunguo wake wa siri, yaani namba iliyofichwa ndani ya kadi, una biti 112 (tarakimu 112 za sifuri na moja), na wajumbe wakaridhika. Mimi sikuridhika.

Kadi hizi hazina betri. Hupata umeme kutoka kwenye uga wa sumaku wa kisomaji, kile kifaa cha mlangoni unachokigusisha kadi, na chipu inapokokotoa hesabu zake za siri, umeme inaoutumia hupanda na kushuka kulingana na tarakimu inazozishughulikia. Mwenye antena ndogo na osiloskopu (kifaa kinachochora mabadiliko ya umeme) anaweza kurekodi mabadiliko hayo mara nyingi, akayalinganisha na makisio yake ya ufunguo, kipande kwa kipande, mpaka ufunguo mzima ujitokeze, kama vile mtu anavyotambua jirani anatwanga nini kwa kusikiliza mlio wa kinu. Urefu wa ufunguo haumzuii, kwa sababu habahatishi ufunguo wote kwa mkupuo.

Jambo hili limekwisha kuthibitishwa. Mwaka 2011, David Oswald na Christof Paar wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, Ujerumani, walionyesha kwamba ufunguo wa biti 112 wa kadi ya Mifare DESFire MF3ICD40 hupatikana kwa takribani saa saba, kwa vifaa vya kama dola 3,000. Kabla ya hapo, mwaka 2007, Yossi Oren na Adi Shamir walichapisha namna ya kupata nenosiri la vitambulisho vya kielektroniki vinavyobandikwa kwenye bidhaa bila kuvigusa, kwa kupima tu mawimbi vinayoyarudisha.

Kinachonisumbua zaidi ni tabia ya sisi mafundi wenyewe. Nimekuta majengo ambamo kadi zote, ya mkurugenzi na ya mlinzi, zimewekewa ufunguo mmoja ili kurahisisha kazi, hivyo kadi moja iliyookotwa inatosha kufungua jengo zima. Kila kadi ikiwa na ufunguo wake, mhalifu hupata kadi ile moja tu, nayo hufutwa kwenye mfumo siku mwenyewe anapotoa taarifa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawataka wanaotunza taarifa za watu kuzilinda, na taarifa hizo mara nyingi zimo nyuma ya milango hii hii.

Nawaomba wanaoandaa zabuni wadai cheti cha maabara huru kinachoonyesha kwamba chipu yenyewe imepimwa dhidi ya mashambulizi ya aina hii, pamoja na maelezo ya jinsi funguo zitakavyogawiwa. Kikao chetu bado hakijaamua. Nimeomba muuzaji ayajibu mambo hayo mawili kwa maandishi.

Fundi wa elektroniki,
Ihumwa, Dodoma