Darwin: bahari ya kuangalia tu

Mama shikamoo, Baba shikamoo, na wote hapo nyumbani salaam aleikum. Mi mzima alhamdulillah, kazi inaenda. Mama usiniulize tena habari za baridi, uku Darwin si kama Australia ile mnayoiona kwenye tivii, mwezi huu wa sita ndo wanaita baridi, asubuhi nyuzi 20, wenyewe wanavaa sweta mimi natoka na dera langu.

Sasa niwahadithie ya juzi. Pale kwenye nyumba ya wazee ninapofanyia kazi kuna mwenzetu anastaafu, watu wakachanga, wakasema tumuage kwenye boti, mnazungushwa bandarini mnakula huku jua linazama. Kimoyomoyo nikasema yaani mtoto wa Tanga alipe hela kuangalia jua likizama baharini? Ila nishachanga, nikaenda.

Baba, hii ni yako. Boti zinalala ndani ya kighuba kinaitwa Cullen Bay, na kabla hamjatoka mnaingizwa kwenye kama chumba cha maji, geti kubwa mbele na geti kubwa nyuma. La nyuma likafungwa, maji yakaanza kupungua, tukawa tunashuka taratibu na ukuta unapanda pembeni yetu, umejaa vichaza na ukijani na ile harufu ya mawe maji yakitoka, mpaka tukawa sawa na bahari ya nje ndo geti la mbele likafunguka. Nikamuuliza kijana wa kwenye boti kwanini tabu yote hii, akanambia uku bamvua likija maji yanapanda na kushuka mpaka mita 8, bila lile geti boti zote zingekalia tope. Mita 8 Baba! Nikawaza ngalawa za wavuvi za pale Deep Sea kwetu Tanga, uifunge na kamba fupi usiku maji yamejaa, asubuhi unaikuta inaning'inia.

Huko nje pazuri, siwezi kubisha. Tukapita mbele ya ufukwe wa Mindil, mchanga mrefu mweupe, watu wamejaa wamekaa na vyakula vyao wanasubiri jua, na majini hamna mtu hata mmoja, hata mtoto. Mamba! Sio wa mtoni, hawa wanaishi maji ya chumvi, serikali inatega vizimba vinavyoelea na kila mwaka inatoa mamia humohumo bandarini na bado wanakuja wengine. Alafu zikianza mvua wanakuja konyeza wa sumu ambao wanaua mtu kabisa. Mama, wewe uliyekuwa unatufukuza majini na fimbo, uku ungepumzika. Mi kwakweli iliniuma kidogo, bahari yote ile na huwezi kuchovya hata mguu.

Chini ya maji nako kuna meli zimelala, 19 Februari 1942 ndege za Wajapani zilipiga bandari na mji wakafa watu zaidi ya 230. Wakajenga upya, Krismasi ya 1974 kikaja kimbunga wanakiita Tracy kikabomoa tena karibu mji wote, ndo maana nyumba za zamani kama zile za barabara zetu za namba pale Tanga, uku ni za kutafuta.

Chakula sasa. Nyama sikugusa, nikabaki na vya baharini. Chaza wanawala wabichi na limau (hapana jamani), kamba wakubwa, na samaki wao anaitwa barramundi, nilivyokiona kile kichwa nikasema huyu si sangara? Kumbe kweli ni ukoo mmoja na sangara wa Mwanza. Na Baba hutoamini, huyu anaanza maisha dume, akishakuwa mkubwa anageuka jike. Nyama yake tamu nyeupe ila hawajui kumtia kitu, chumvi na pilipili manga basi, nikawa nawaza tui na ukwaju tu.

Jua likazama saa 12 na nusu, jekundu hasa, wanasema ni moshi wa moto wa porini kipindi hiki kisicho na mvua. Kila mtu simu juu. Kwenu ilikuwa saa 6 kamili mchana, nyie adhuhuri bado, mi ndo natafuta pembeni nisali magharibi, nikapata nafasi nyuma kule karibu na ngazi, nahodha mwenyewe alinionyesha upande wa kibla.

Picha nimemtumia Dada, Mama mwambie akuonyeshe kwenye simu yake kubwa. Hela ya dawa za Baba nayo nimemtumia yeye, na Baba usiipeleke kwenye nyavu! Naomba na ukwaju, shangazi anakuja Dar mwezi ujao, ampe mtu wetu anayesafiri kuja uku ataubeba, ila muulizeni kwanza kama uku wanaruhusu maana wale wa eapoti wanapekua mpaka viatu.

Mwanenu.