Asilimia 80 ya nani?

Mhariri, salamu. Mi ni mzazi huku Mbagala, naomba nafasi niseme kuhusu hesabu za kidato cha pili, maana juzi nimekaa na binti yangu kwenye homuweki mpaka saa nne usiku na kuna kitu kimeniuma.

Walipewa jedwali la darasa lao, safu za mlalo ni wanaopanda daladala na wanaotembea kwa miguu, za wima waliochelewa na waliowahi. Jumla 60, wa daladala 40, wa miguu 20. Waliochelewa 30, na kati yao 24 ni wa daladala. Binti akachukua 24 akagawa kwa 30 akapata asilimia 80, sawa kabisa, halafu akaandika "asilimia 80 ya wanaopanda daladala wamechelewa". Hapo ndo kosa! Hiyo 80 ni ya waliochelewa. Wa daladala unagawa 24 hiyohiyo kwa 40 unapata asilimia 60, na ukigawa kwa darasa zima unapata asilimia 40. Yaani 24 moja inatoa asilimia za aina tatu na zote sahihi, inategemea unawaongelea kina nani.

Na kama unataka kujua daladala inachelewesha kweli, hiyo asilimia 60 unailinganisha na ya wa miguu ambao ni 6 kati ya 20, asilimia 30. Ile 80 peke yake haitoshi, maana darasa likiwa karibu lote la daladala basi hata wachelewaji wengi watakuwa wa daladala tu.

Nikafunika safu ya wa miguu kwa karatasi nikamwambia haya mama, sema kwa Kiswahili, anza na "kati ya". Akasema "kati ya watu 40 wa daladala, 24 wamechelewa". Akanyamaza, akachukua raba akafuta mwenyewe.

Najua sekondari hesabu ni Kiingereza, ndo utaratibu, ila walimu wetu nawaomba sana, wapeni watoto dakika tano walisome jedwali kwa Kiswahili kabla hawajaanza kugawa, na mkitunga mtihani msiishie kwenye namba, mtakeni mtoto aandike sentensi nzima.

Na nyie magazetini, mkiandika majeruhi wengi ni wa bodaboda, tuandikieni na wanaopanda bodaboda kwa siku ni wangapi.

Mzazi,
Mbagala, Dar es Salaam