Wapimwe uzito kabla ya kushika mimba

Mhariri,

Mimi ni mkunga mstaafu, Tanga. Kinachonikera ni kwamba mizani ya kliniki humngoja mwanamke mpaka awe mjamzito, tena wengi huja mimba ina miezi minne au mitano. Uzito aliokuwa nao kabla, ambao ndio wenye habari, hakuna anayeujua.

Chukua mwanamke wa mita 1.60 mwenye kilo 80. Gawanya kilo kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, unapata 31; hicho ndicho kipimo cha BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu. Kuanzia 30 ni unene uliokithiri: hatari ya kisukari cha mimba, kifafa cha mimba na kujifungua kwa upasuaji huongezeka. Mtaani tunamsifu, "Umenawiri shoga, ndoa imekupenda!" Aliye chini ya 18.5 naye asisahauliwe. Huyo huweza kuzaa njiti, au mtoto asiyefika kilo 2.5.

Mimba ikishaingia si wakati wa kujikondesha. Basi wanaokuja kwa uzazi wa mpango wapimwe uzito na urefu siku hiyohiyo. Anayeacha njia ya uzazi wa mpango ili azae ashauriwe mapema, apewe na vidonge vya asidi ya foliki, vitamini inayosaidia kumkinga mtoto na kasoro za ubongo na uti wa mgongo.

Mkunga mstaafu,
Tanga